Ngazi za Kocha Lindqvist

Sheria ya Kocha Lindqvist ilikuwa moja: mchezaji akitaka udhuru, apande ngazi zote za uwanja kwanza, ndipo aeleze sababu.

Mwaka wa korona gavana wa jimbo letu akaamuru kila mfanyakazi wa chuo achanjwe. Kocha akaandika barua kuomba udhuru wa dini ili asichanjwe. Mimi ninayefua jezi za timu sijawahi kumwona kanisani. Chuo kikamkatalia, kikamfukuza.

Alipokuja kutuaga, Tavita, beki wetu mnene, akamuuliza, "Kocha, kabla ya ile barua ulipanda ngazi?"

Nilidhani Kocha atamtukana. Akavua kofia, akanipa nimshikie, akaanza kupanda.

Tukamngoja ashuke atueleze sababu. Alipofika juu akatokea geti la nyuma lililo huko huko juu, akaenda zake.

Kofia ninayo mpaka leo.