Nafasi ya Kutembea

Mwalimu wa fizikia alikuwa na somo moja alilolipenda kupita kiasi. Aliliuliza darasa: tukiondoa vitu vyote ulimwenguni, nyota, mawe, hata sisi wenyewe, nafasi itabaki? Wapo wanaosema itabaki, kama sanduku lililotolewa vitu. Wengine husema nafasi si kitu chochote, ni uhusiano tu wa hiki na kile. Vitu vikiondoka, hapa na pale navyo vinaondoka. Mwalimu alikuwa upande wa sanduku, na ukimbishia anakuwa mkali kama pilipili.

Mama yake alikuwa haoni, miaka kadhaa sasa. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ua. Alijichemshia chai, alikwenda msalani mwenyewe, na aliyethubutu kumshika mkono alikiona cha moto. "Niache, sijawa mzigo," alisema. Mwalimu aliogopa ataanguka. Basi siku dada yake alipompeleka mama kliniki, yeye akatoa meza, kabati, viti na cherehani, akabakiza kitanda. Akapiga deki, akapima sakafu kwa futi kamba, akaridhika. Mama sasa angekuwa na nafasi ya kutembea.

Dada alimrudisha mama, akamwacha mlangoni kwake, akaenda zake. Mwalimu alikuwa kwake akisahihisha mitihani huku akingoja kushukuriwa. Kimya kilipozidi, akaenda kuchungulia. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ikipapasa hewa. Gauni lilikuwa limelowa, na sakafu pia.

"Mwanangu, niko wapi?"

"Uko chumbani kwako, mama."

"Chumbani kwangu kuna meza. Nikishika meza, najua kabati liko kushoto. Nikishika kabati, mlango wa msalani uko mbele yangu. Hapa hamna kitu. Nimetembea weee, sijafika popote."

Aliyasema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma mwalimu. Afadhali angefokewa. Alimketisha kitandani, akamwosha miguu akitamani ardhi ipasuke immeze. Sanduku lake analo, tena tupu kama alivyolitaka, na ndani yake mama yake amepotea.

Akarudisha vitu saa ileile. Lakini msomi wetu alikuwa amepima sakafu tu. Mahali kila kitu kilipokuwa kimesimama hakupapima. Alipiga magoti kutafuta alama za miguu ya meza, akakumbuka kwamba deki alipiga yeye mwenyewe. Akakisia.

"Nimerudisha kila kitu mahali pake, mama," akasema.

Mama akaondoka kitandani, kidevu juu, mwendo wake wa siku zote. Nyonga ikagonga pembe ya meza. Akarudi nyuma, akajaribu tena, bega likapiga kabati. Akasimama, uso umemnyong'onyea.

"Basi ni mimi," alisema. "Wewe mtu wa vipimo hukosei. Uzee umenipanda kichwani, nimesahau chumba changu mwenyewe."

"Hapana, mama. Meza ndiyo haiko mahali pake. Nimekosea mimi, nimebahatisha tu."

Mama akatabasamu, kama anavyotabasamiwa mtoto anayesema uongo kwa wema.

"Usinifariji, baba," alisema. Kisha akanyoosha mkono, akangoja ashikwe.