Mji Unaosikia Stili

Dalali alisema saa tatu asubuhi, akaja saa nne na nusu na kikombe cha kahawa mkononi, wala hakuomba radhi. Verlon Tackett alimfuata ngazini na tabasamu. Alikwisha kujifunza kwamba mtafuta nyumba wa Nashville hanuni. Ukinuna, nyumba anapewa mwenzako. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja tu, jiko limebanwa pembeni kama lililosahauliwa na wapangaji waliotangulia, na dirisha lilitazama ukuta wa gereji. Bi Prentiss, huyo dalali, akausifia mwanga wake.

Halafu akamwaga masharti. Kodi imepanda tangu tangazo lilipotoka. Ada ya maombi hairudishwi hata mwombaji akikataliwa. Na mwombaji aonyeshe kwamba kipato chake ni mara tatu ya kodi.

"Kazi yako ni nini?"

"Kwetu Kentucky ni fundi matairi. Hapa nitapiga stili."

"Ndiyo kitu gani hicho?"

Verlon alidhani anataniwa. Kila stili aliyoisikia redioni tangu utotoni ilirekodiwa katika mji huu huu. Akaeleza kwa subira: ni gitaa lililolazwa juu ya miguu minne kama meza, mpigaji ameketi; mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, miguu inakanyaga pedali, magoti yanasukuma vyuma vya chini, na sauti inavutika kama mtu anayelia kwa adabu. Bi Prentiss alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo huna mshahara."

Akamwambia arudi akiwa na barua ya mwajiri.

Barua hiyo ingeweza kupatikana siku hiyo hiyo, au isipatikane kabisa. Mchana Verlon alikuwa anajaribiwa na bendi ya Kerri Lynn Mabry, katika baa moja ya Broadway, mtaa wa muziki wa mji huo, kwa sababu mpiga stili wao alikuwa anakwenda kupasuliwa goti. Na kule nyumbani, mkewe Rhonda alikuwa anasubiri simu. Rhonda alikuwa mtunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na mkuu wake wa zamu alitaka kauli kabla ya jioni: anabaki, au nafasi apewe mwingine. Miaka miwili wamebishana mezani, chakula kikipoa, mpiga stili aishi wapi. Rhonda alitaka Nashville: karibu na kwao, hospitali tele, na baa zinazopiga muziki tangu asubuhi. Verlon alikuwa na Texas kichwani, kwenye kumbi za dansi, lakini Texas ni mbali, na kumbi zenyewe zimetawanyika kama ng'ombe wasio na mchungaji. Mwishowe walikubaliana kwamba atakayewapa kazi kwanza ndiye atakayewahamisha.

Kwa kucheleweshwa na dalali, alifika uchochoro wa nyuma ya Broadway wakati muda wa kushusha mizigo umekwisha. Askari wa maegesho alikuwa mama mnene mwenye fulana ya kung'aa, na hakuwa mkali. Alilitazama sanduku la stili kwenye pikapu, zito kama mfuko wa saruji, akamwambia hata ingekuwa maiti ya babake asingemruhusu kuishusha hapo sasa. Verlon akaenda kuegesha mbali kulikokuwa na nafasi, akarudi kwa miguu, mikono mitupu, shati limemgandia mgongoni.

"Wewe ni mpiga stili ama mwuza maji?" akauliza Doyle Pruett, yule mwenye goti la kupasuliwa, aliyekuwa ameketi kaunta na fimbo yake. Verlon akamweleza yaliyomkuta. Mzee Doyle akacheka, akamwelekeza kwa fimbo jukwaani. "Kalia yangu. Haing'ati."

Hapo ndipo Verlon alipokosea. Wapiga stili wana desturi yao: kila mtu hupanga pedali zake kama alivyofundishwa, wengine kutoka kushoto kwenda kulia, wengine kinyume chake, na hakuna anayeketi kwenye stili ya mwenzake kabla ya kuuliza zimekaaje. Ni swali la kwanza, hutangulia hata habari za watoto. Lakini Verlon alikuwa amechelewa, anahema, na Kerri Lynn alikwisha kuwaonyesha wenzake kwa vidole sauti ya kuanzia wimbo. Akaketi, akashika chuma, akakanyaga pedali mbili za kwanza, kama alivyokanyaga maisha yake yote.

Kwenye stili ya Doyle, alizozihitaji zilikuwa mbili za mwisho.

Wimbo ulikuwa wa furaha, wa mtu anayerudi nyumbani kwa mkewe. Ukatoka kama wa mtu aliyefika akakuta mazishi. Verlon alijua kosa lake papo hapo, lakini miguu iliyozoea njia haigeuki kwa amri. Kila alipoulazimisha mguu kwenda kulia, ulirudi kushoto wenyewe. Kerri Lynn akageuka na kumtazama kwa jicho ambalo lingekausha maziwa, kisha akawageukia wateja na tabasamu lake lote. Mzee Doyle akajifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Na watu wakashangilia. Wanawake wa kundi moja, waliokuja kumuaga mwenzao anayeolewa, wote na kofia za rangi ya waridi, waliinua bilauri zao. Mmoja alisogea akampiga picha Verlon miguuni, akamwonyesha dole gumba. Wimbo wa pili ukaharibika nusu, ukashangiliwa. Kufikia wa tatu miguu ilikwisha kujua kwao, na kuanzia hapo Verlon alipiga vizuri, kwa saa nne bila mapumziko maana wanamuziki wa Broadway hawapumziki, na baadhi ya nyimbo alizipiga vizuri kuliko alivyowahi kuzipiga. Makofi yalikuwa yale yale. Hayakupanda wala hayakushuka.

Walipomaliza alimwendea Doyle kumwomba radhi.

"Kwa lipi?" akasema mzee. "Nani mwingine aliyesikia? Kule Texas ungekwisha kutolewa mlangoni." Akasogeza kiti chake. "Mimi nilipoanza niliharibu wimbo kule kule, kwenye ukumbi mmoja wa wahamiaji wa Kijerumani, na watu wote wakaacha kucheza. Bibi mmoja akaja mpaka jukwaani. Akaniambia, mwanangu, mguu wangu umekosa pa kukanyaga. Nililia kwenye gari kama mtoto. Mwaka ule ndio niliojifunza stili."

"Sasa ulihamia huku kwa nini?"

"Mama watoto aliugua. Hospitali ziko huku."

"Na huku wanakusikia?"

Doyle akaegemea fimbo yake. "Huku nimekula," akasema.

Meneja wa baa, Stovall, alikuja na ndoo ya bahashishi imejaa. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kuchoka, na alisema hana maneno mengi: kazi ni ya Verlon, Jumatano mpaka Jumamosi, na barua kwa ajili ya dalali ataiandika sasa hivi. "Tena ule wimbo wa kwanza," akaongeza, "watu walipagawa. Uwe unaupiga vile vile kila siku."

Verlon akaomba ruhusa ampigie mkewe. Alitoka uchochoroni, akasimama kati ya mapipa ya takataka yanayonuka kuku wa pilipili. Alikuwa na huzuni asiyoweza kuisemea, maana huzuni ya mtu aliyepewa alichokiomba haina wa kuipa pole.

"Umepata?" akauliza Rhonda.

"Nimepata. Siku nne kwa wiki."

Alimsikia akivuta pumzi, akimwambia mtu wa pembeni, kapata. "Basi nimwambie bosi naacha?"

Hapo ndipo Verlon alipomsimulia habari za pedali, na makofi, na bibi wa Texas. Alisimulia vibaya, akirudia rudia. Rhonda akamsikiliza hadi mwisho.

"Subiri nikuelewe. Unataka kukataa kazi kwa sababu wamekushangilia?"

"Ndiyo."

Rhonda alikasirika, na ilikuwa haki yake. Akamwambia mgongo wake umekwisha kwa kuwainua wazee wa watu. Akamwambia amekwisha kuwaaga wenzake, mmoja kamwokea keki. Akamwambia tumbo halimwulizi mtu kama amesikika. Verlon akayakubali yote, maana yalikuwa kweli.

"Na huko Texas nani anakungoja?"

"Hakuna."

"Ukikosea watakufukuza."

"Watanifukuza."

"Na siku hiyo tutakula nini, Verlon?"

Kengele ya mgonjwa ililia upande wa Rhonda. Hakuiendea mara moja. "Hapa kuna mzee wa chumba cha mwisho," akasema polepole. "Nikimgeuza vibaya ananitukana mpaka nione haya. Akifa yule sijui nitajuaje kama kazi naijua." Kengele ikalia tena. "Sijakubali. Usiseme nimekubali. Nitamwambia bosi nabaki, tena anipe na zamu za usiku. Texas haifikiwi kwa maneno."

Akakata simu akaenda kwa mgonjwa wake.

Stovall alikuwa mlangoni na barua imekwisha kukunjwa. Verlon alipomwambia hapana, alidhani anapandishiwa bei, akaongeza na Jumapili.

"Si bei, bwana. Ule wimbo wa kwanza niliuharibu wote. Mwanzo mpaka mwisho."

Stovall alimtazama kama mtu anayetafuta mzaha ulipo. Kisha akampiga bega kwa huruma ya kweli. "Wanamuziki mna mambo," akasema. "Haidhuru. Kijana wa bendi ya jioni ana kinanda chenye kitufe cha kutoa sauti ya stili. Hicho hakikosei."

Akaichana barua, akaingia ndani kumwita kijana. Verlon akaenda kutafuta pikapu yake. Ilikuwa mbali, na alipoifikia akakuta karatasi ya faini imebanwa kiooni, kwa sababu saa nne za jukwaani zilipita muda wa maegesho.