Chetezo Kisiingie Chumba cha Mama

Mvua ilianza kabla ya adhuhuri, na Hayrat akajua siku imemharibikia.

Hakuwaogopea wageni wa hitima. Hao wangekuja hata kwa kuogelea, maana marehemu mama yake alikuwa mtu wa watu, na hapo mtaani kwao Ampisikina hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuingia na sahani mkononi. Aliogopea betri. Siku zote kiti chake cha umeme kilichajiwa barazani, kwenye hewa ya wazi, waya umepitishwa chini ya mlango. Leo baraza ilikuwa ziwa.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru. Wazungu wa mashamba walikuwa wakifunga virago mmoja baada ya mwingine, na kule kisiwani Nosy Be bibi mmoja wa Kifaransa, ambaye mama yake Hayrat alimshonea nguo kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Mahajanga, aliondoka akaacha kiti cha marehemu mumewe: kiti cha magurudumu, kina betri mbili chini ya makalio na kijiti kidogo mkononi. Ukisukuma kijiti mbele, kinakwenda. Ukikiachia, kinasimama. Mjomba Soilihi, aliyebaki kule, ndiye aliyekivusha kwa meli mpaka Mahajanga, akawasimamia makuli kwa kelele ili wasikipindue. Mtu aliyekipandisha melini kwa jasho lake alijiona pia ana haki ya kukirudisha.

Na ndilo lililomleta safari hii, mbali na hitima. Alikuwa amesikia kwamba kiti kiliserereka na Hayrat kwenye mteremko wa kwenda sokoni na msikitini, kikavamia mkokoteni wa ndizi. Ilikuwa kweli. Hayrat alishuka upande upande tena kwa haraka. Tangu siku ile alishuka kwa kunyooka, polepole kama mtu aliyebeba mtungi. Lakini hilo la pili halikufika Nosy Be. La ndizi lilifika.

"Mwanangu, mimi si adui yako," Mjomba alimwambia asubuhi ile. "Hitima ikiisha nataka nikuone kwa macho yangu, uende mpaka msikitini na kurudi, pasipo mkono wa mtu. Kikikwama njiani, au kikileta balaa lolote, meli ya keshokutwa narudi nacho. Na wewe nakuchukua. Utakaa kwangu, utatunzwa kama binti mfalme."

"Mjomba, wingu lile ni la mvua. Tufanye kesho."

"Kesho, kesho. Nimesema leo."

Hayrat alikuwa anaujua ubinti mfalme wa Nosy Be. Aliuishi tangu homa ilipompooza miguu utotoni: mkeka, dirisha, na watu wema wanaokubeba kama gunia kila unapohitaji kwenda chooni, wakikuuliza kwa sauti mbele za watu kama umemaliza. Hapa Mahajanga alikuwa na wasichana aliowafundisha Kurani mitaa miwili kutoka nyumbani. Alikwenda mwenyewe. Alirudi mwenyewe. Mwenyezi Mungu akimjalia, alitaka kuendelea hivyo.

Ndiyo maana, mvua ilipozidi na betri zikiwa nusu, alimwomba mama mdogo wake, Fatoumia, amsaidie kukiingiza kiti katika chumba cha marehemu. Sebuleni wangekaa wanaume, ukumbi wa ndani wanawake. Chumba cha mama ndicho pekee kilichobaki kitupu chenye umeme. Hayrat alilegeza vifuniko vya betri kama alivyofundishwa, akafungua dirisha wazi kabisa, mvua ikimrushia usoni, ndipo akabana vibano vya waya kwenye betri na kuwasha umeme. Kisha Fatoumia akamshusha kwenye mkeka ukumbini, akamfunika miguu kwa shiromani, nguo yake ya kujitandia.

Aliyemfundisha ni Youssoufa, fundi wa betri za malori. Alimwambia maneno ambayo Hayrat aliyashika kama sura ya Kurani. "Betri ikila umeme inapumua, dada. Pumzi yake huioni. Ikipata dirisha inatoka, inakwenda zake. Ikifungiwa ndani, inajaa mpaka darini. Hapo cheche moja tu, sigara, kibiriti, kaa la moto, inapasuka, na tindikali inakurukia machoni."

Hitima ikaanza. Wanaume wakasoma sebuleni, sauti zao zikipambana na mvua juu ya bati. Wanawake walifuatisha kwa midomo, wengine kwa kusinzia. Hayrat alimwombea mama yake kwa moyo wote, lakini sikio moja lilikuwa chumbani.

Bi Ansoifa, jirani mnene mwenye ulimi mwepesi, alikuja akajibwaga kando yake.

"Gari lako leo limelala?" alinong'ona. "Nilitaka unipakie mpaka kwa mkwe wangu, nikamtishe."

"Kiti ni cha mtu mmoja, Bi Ansoifa. Wewe ukipanda tutakuwa wanne."

"Astaghafirullah, siku ya hitima unanitukana!" Bi Ansoifa alicheka ndani ya kanga. "Na mimi niliyekufanyia hisani. Nilipita chumbani kwa mama yako kuweka mwavuli, nikakuta mvua inaingia mpaka kitandani. Nimekufungia dirisha. Na mlango nikaurudisha."

Hayrat alimgeukia.

"Lini?"

"Kabla hawajaanza kusoma."

Kabla hawajaanza. Na sasa walikuwa wameshamaliza Yasini, wameshamaliza tahlili, fundi wa chuo, mwalimu wa Kurani aliyeongoza kisomo, alikuwa anainua mikono kuomba dua. Muda wote huo betri zilikuwa zinapumua katika chumba kilichofungwa.

Alifungua kinywa amtume Bi Ansoifa akafungue dirisha, taratibu, pasipo mtu kujua. Ndipo akasikia sauti ya Mjomba kutoka sebuleni.

"Fatoumia! Lete chetezo. Anzia chumbani kwa marehemu."

Chetezo! Hayrat alikuwa amekisahau. Aliwaza mvua, betri, msikiti, akasahau kwamba kwao dua ya mwaka haimaliziki mpaka udi ufukizwe katika chumba alichofia mwenyewe. Mlango wa jikoni ulifunguka upande wa pili wa ujia, na mama mdogo akatokea na chetezo mikononi, makaa mekundu, moshi mzito mtamu ukimtangulia.

Ilimjia yote kwa pamoja. Akipiga kelele kwamba chumbani kuna hatari ya moto, Mjomba atasikia, na wanaume wote watasikia. Kiti kimekwenda. Akinyamaza, mama mdogo atausukuma mlango ule.

Sitasema moyo wake haukusita. Ulisita. Kisha akaita.

"Mama mdogo!"

"Amin!" wakaitikia wanaume, na mvua ikaitikia nao, jina likazama humo.

"Mama mdogo, simama!"

"Amin!"

Bi Ansoifa alikuwa amefumba macho, viganja usoni. Fatoumia alikuwa anakwenda kwa adabu, hatua ndogondogo, akilinda makaa yasimwagike. Hayrat alilitupa shiromani, akajiangusha kwa viwiko, akaanza kutambaa.

Tangu kiti kije hakuwahi kutambaa mbele ya mtu. Alijiapia. Sasa alijikokota katikati ya wanawake, juu ya mapaja na sahani, mtu akasema "Ee, jamani!", na ujia ulipita mbele kabisa ya mlango wa sebule ulio wazi. Aliwaona wanaume kwa pembe ya jicho, mikono bado imeinuliwa, nyuso zikigeuka. Miguu yake ilimfuata sakafuni kama mkia. Hakuangalia. Aliangalia visigino vya mama mdogo na mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa unakiachia chetezo upande mmoja ili ushike kitasa.

Akamdaka pindo la nguo, akavuta.

"Hayrat! Umefanyaje? Mbona uko chini?"

"Usifungue. Rudi na moto."

"Niache, mwanangu, ni udi wa mama yako."

"Rudi nao uani! Betri zimefungiwa humo. Zinakula umeme, mama mdogo. Zitapasuka."

"Leo ndiyo dua yake, unataka nimpite mlangoni bila udi?" Fatoumia alikuwa analia. Kaa moja likalia tap, cheche ikaruka, ikaanguka sakafuni karibu na upenyo wa chini ya mlango. Hayrat aliipiga kwa kiganja. Iliunguza, ikazimika. Akaubandika mgongo wake mlangoni, akaziba upenyo kwa nguo yake.

"Aliyempita ni mimi," alisema. "Dhambi iwe yangu. Rudi."

Dua ilikuwa imekatika. Mjomba Soilihi alikuwa amesimama juu yao.

"Nini hiki?"

Hapo bado angeweza kusema uongo. Angesema alipatwa na kizunguzungu. Hayrat alimtazama mjomba wake, akamweleza kila kitu: mvua, dirisha, pumzi ya betri, cheche. Hakupunguza neno. Sigara moja ilizimwa upesi sebuleni.

Mjomba aligeuka kijivu. "Fatoumia, toa moto huo. Mpaka uani, ukutani. Nenda." Mama mdogo akaenda. "Sasa?"

"Sasa ingia wewe, mkono mtupu. Fungua dirisha kwanza. Usiguse swichi, usiguse waya, usivute kitu."

Alisogea pembeni. Mlango ulipofunguka, harufu kali ya tindikali ilitoka, ikakwaruza koo. Humo ndani betri zilikuwa zinachemka kwa sauti ndogo, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Walimsikia Mjomba akijigonga kwenye kitanda, akikohoa, akipambana na komeo la dirisha lililovimba kwa maji. Kisha kishindo cha ubao, na upepo wa mvua ukapita ujia mzima.

Hakuna kilichopasuka.

Walingoja chumba kipate hewa ya kutosha. Hayrat akaomba umeme ukatwe kwenye swichi kuu, mbali na chumba, na taa za nyumba nzima zikazimika pamoja na ule mchemko. Mjomba alitoka amelowa, akakaa sakafuni kumkabili mpwa wake. Wanaume walijazana mlangoni.

"Basi," alisema. "Umeona mwenyewe. Hilo ni bomu. Nimeingiza bomu nyumbani kwa dada yangu."

"Kinaweza kuua, Mjomba. Sitakuficha. Na kosa ni langu, nilikiwasha mahali nisipoweza kukitazama."

"Kwa hiyo tumekubaliana."

"Mkono wako uliungulia wapi?"

Mjomba aliutazama mkono wake wa kushoto, ngozi iliyokunjamana mpaka kiwiko. "Unajua vizuri. Kwenye pipa la kuchemshia maua ya mlangilangi kutoa manukato."

"Mlilitupa pipa?"

"Tungelitupaje? Ndiyo kazi."

"Mlifanyaje?"

"Walimweka mtu wa kulilinda."

"Nani?"

"Mimi." Alilisema kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Na ukisema moto upunguzwe, wanakubishia?"

Mjomba aliivuta kanzu juu ya kovu.

"Mimi asubuhi nilikwambia tungoje kesho. Nilikwambia kuna mvua."

Mtu mmoja sebuleni alikohoa. Mjomba alijifuta uso kwa kanzu.

"Na kwenda msikitini? Nilisema leo."

Hayrat alihisi kiganja chake kilichoungua kinapwita. Alijua anachokihatarisha. "Leo siendi. Betri hazijajaa na mteremko umelowa, magurudumu yatateleza. Ukitaka kunichukua kwa hilo, nichukue. Lakini leo sikipandi kwenda popote."

Kisha sauti ya Bi Ansoifa ikatoka nyuma ya wanawake, ikiwa na machozi na ujeuri kwa pamoja.

"Soilihi, aliyefunga dirisha ni mimi. Kama ni kuchukua mtu, nichukue mimi Nosy Be. Nimechoka na mkwe wangu."

Wanawake wakaangua kicheko, kile cha watu walioponea chupuchupu. Hata fundi wa chuo alificha mdomo kwa tasbihi. Mjomba hakucheka. Alikuwa bado anamwangalia Hayrat, pale alipokaa na nguo yenye tundu la moto.

Fatoumia alirudi kutoka uani mikono mitupu, macho mekundu. "Na chumba cha dada yangu? Kikae hivihivi?"

"Mpelekee marashi," Hayrat alisema. "Mnyunyizie kitandani, mama mdogo. Kitandani tu, mbali na betri. Alikuwa akiyapenda kuliko udi."

Mama mdogo akaenda kuleta mrashi. Mjomba akainuka, akainama kumbeba Hayrat kama alivyokuwa akimbeba zamani.

"Si mikononi, Mjomba. Niletee kiti."

Alisimama kidogo na mikono yake hewani. Kisha akaingia chumbani. Hayrat alimwelekeza kutoka pale sakafuni: toa vibano, kimoja kimoja, visigusane, kaza vifuniko, achia breki, vile vyuma viwili vya pembeni vinavyoshika magurudumu, la sivyo utasukuma mpaka kesho. Kiti kikaja ujiani kikilia kama ngamia.

"Nani anajua meli nyingine ni lini?" Mjomba aliuliza, bila kumwelekea mtu.

"Wiki ijayo, Inshallah," mtu akajibu.

"Basi, ya keshokutwa iende. Nitangoja barabara ikauke." Akamgeukia mpwa wake, sauti bado ya ukali. "Lakini mteremko utaushuka mbele yangu, na nitakuwa chini yake."

"Chini yake usisimame. Kaa pembeni."

"Haya. Pembeni." Akakisogeza kiti mpaka magotini pake. "Panda."

"Bado hujafunga breki."

Aliitafuta kwa vidole, akaikuta, akaifunga. Akaitafuta ya upande wa pili, akaifunga nayo. Akakishika kiti kwa mikono yote miwili, akakitikisa kwa nguvu, na hakikusogea. Akatikisa tena.