Ukuta wa Mama Mkwe

Wakoli aliubomoa ule ukuta wa jikoni kwa mikono yake mwenyewe, tena huku anaimba. Alikuwa ameona kwenye simu nyumba za Nairobi ambazo jikoni na sebule ni kitu kimoja, basi hapo Kitale nzima hapakuwa na wa kumzuia. Hata mlango wa nyuma aliuziba ili apate pa kuweka sinki. Kwamba yeye hajawahi kuchemsha hata yai, hilo halikumsumbua.

"Baba Emmy," mkewe Nabwile alimuuliza, "na mama akija atakaa wapi?"

"Si sebule ni kubwa?"

Jamani! Mbukusu mzima anajibu hivyo! Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hata mkono hawapeani. Miaka yote mama akija kutoka Malakisi alikaa jikoni, Wakoli sebuleni, wakisalimiana kupitia Nabwile, na walipendana sana hivyo hivyo.

Sasa mama alikuwa na mtoto wa jicho, na kesho yake angepasuliwa hapo mjini. Nabwile alienda kumpokea steji ya matatu, kisha akapiga simu.

"Mama amesikia ukuta haupo. Anasema anarudi Malakisi. Alikuwa anaogopa kupasuliwa, sasa amepata sababu. Baba Emmy, akirudi leo hatakuja tena. Atakuwa kipofu."

Wakoli alilitazama pengo. "Mlete. Ukuta upo."

"Upi?"

"Wewe mlete, bana!"

Akakokota friji. Akakokota kabati la vyombo, akasimamisha meza kwa ubavu, juu akatundika shuka la kitanda. Geti lilipolia, pengo lote lilikuwa limezibika. Akajipongeza, akageuka atoke. Atoke wapi? Alikuwa amejifungia jikoni, mzee mzima.

Mama aliingia sebuleni, akaupapasa ukuta. "Mbona unanguruma?"

"Ni mpya, mama," Nabwile akasema, kisha akazunguka nje mbio mpaka dirisha la jikoni, lenye vyuma. "Utatoka mama akilala," alinong'ona. "Lakini hajala tangu asubuhi, na mimi sina pa kupitia. Pika ugali."

"Mimi?"

"Kuna mwingine humo?"

Wakoli alipika. Maji yalikuwa pembe hii, gesi pembe ile, unga juu ambako hata yeye alifika kwa kupanda ndoo. Kila safari aligonga goti.

"Ni nani aliweka sinki kule?" alifoka.

"Ni wewe," dirisha likamjibu.

Sahani ilipita juu ya friji, chini ya shuka, Nabwile akaipokea upande wa sebule. Mama alikula.

"Nabwile, huu ugali una madonge. Nani amepika?"

Nabwile akaigeukia friji. Nyuma yake Wakoli akajikunyata.

"Basi mwambie huyo," mama akasema, sasa kwa sauti ya kuvuka friji, "nimezeeka, na hakuna mwanamume aliyewahi kunipikia. Hata baba yako, Mungu amrehemu, maji ya kunywa nilimpelekea mimi. Mwambie kesho naenda kupasuliwa. Siogopi tena. Na nikipona, ugali nitapika mwenyewe."

Wakoli alijifuta macho na kitambaa cha sufuria.

"Mwambie mama nimesikia," alisema. "Ukuta nitaujenga. Na hiyo sinki, jameni, nitaileta karibu na gesi."