Ukuta wa Mama Apolinaria

...na ungo huu ukae wapi sasa, kule nyumbani ulikuwa kushoto, jirani na mlango, ila mlango wa nyumba hii uko kulia, nyumba zote za kijiji hiki milango iko kulia, mistari minne, nyumba ishirini kila mstari, kwa hiyo nikiuweka kushoto utakuwa mbali na mlango, na nikiuweka mlangoni utakuwa kulia, na mama yangu, Apolinaria, aliyekaa nyuma yangu kwenye kigoda, fimbo magotini, ataona nini, ataona ungo wake au ataona ungo tu... mlangoni, basi, nauweka mlangoni, nisiwe mjinga, msumari ninao mmoja tu na ungo ndio mzito, vingine nitatundika kwa vijiti vya mninga, navichonga kwa kisu, navigonga kwa mchi, na ukuta bado mbichi, tuliukandika juzi huku mvua inanyesha, kijiti kinaingia vizuri halafu kinainama polepole mpaka kinakuaibisha, ingia, kaa, tafadhali kaa. Jirani akichungulia atasema Veneranda anapamba nyumba wenzake wakiwa shamba la kijiji, na aseme, sijanunua hata kitu kimoja, vyote vilikuwa ndani ya gunia, na si urembo ninaoutafuta, natafuta mama aijue nyumba. Husema hodi, ndicho kinachoniua, akitoka chooni husimama hapo nje akapiga hodi kwake mwenyewe, au anaingia kwa Hilari, nyumba ya tatu, anaketi kitandani mwao akingoja kukaribishwa, na mke wa Hilari mwanzoni alicheka, sasa hacheki, ila hilo nalo lingevumilika, tatizo ni kwamba mara mbili wiki hii amekwenda nyumbani, nyumbani kule kwenye mahame tulikohamishwa, maili tisa kupita mbugani, mara ya pili watu wa reli walimkuta karibu na Igalula, amekaa juu ya chuma anapumzika, ndipo Nikolaus, mume wangu, mtu asiyempigia kelele hata mbuzi, asubuhi hii kabla ya kwenda shamba akachonga komeo, la kufungia kwa nje, akaliweka pale karibu na mtungi, akasema Vene, jaribu ukuta wako, nikirudi jioni na mama bado hajui yuko wapi, nalipigilia, fisi hawana huruma. Fisi kweli hawana huruma.

Kalenda sasa, ya misheni, mwaka sitini na mbili, Bikira na Mtoto, mama hakuiondoa tangu Desemba ile, miaka kumi na miwili, kwake Uhuru una mwaka mmoja na baba yu hai anarekebisha zizi, iko sawa hapo, imepinda kidogo, na kule ilipinda, vizuri. Chini yake shanga za babu yake, aliyebeba pembe mpaka pwani na kurudi na hizi tu na kifua kibovu, njia ya wapagazi ilipita nyuma ya nyumba yetu na mama alizaliwa katika nyumba ambayo msafiri yeyote aliingia akakuta uji, yeye mlango hakuwahi kuufunga kwa kitu chochote, na sasa komeo, kwa nje, mama yangu kama kuku... usifikiri hayo, tundika. Picha ya harusi, waliyopigwa na Mhindi mmoja kule Kanyenye, baba amesimama, mama ameketi, wote wawili kama wamegombana, maana waliambiwa wasitikisike. Kitambaa nilichodarizi kwa masista, Karibu Mgeni, nafasi ikaniishia nikaibana ile i ya mwisho mpaka ikawa kama inzi, alikipenda hivyo hivyo. Halafu kata ya kunywea maji, na kijiti chake kinainama, nakisukuma kwa kidole gumba, kaa wewe, kaa...

"Ile kata."

Amesema. Sigeuki, naogopa kugeuka.

"Kata ipi, mama?"

"Yenye mshono. Ilipasuka, nikaishona mwenyewe kwa ukambaa."

Ndiyo, mama, ndiyo, ukambaa wa gome la mriti, nilikushikia, nilikuwa mdogo, Mungu wangu, anaijua, Nikolaus atarudi nimwambie lichome lile komeo, tukapikie ugali, anaijua...

"Na ungo ule. Na mume wangu, yule pale. Mayu, mmevipata wapi?"

Mayu, ananiita, kama unavyomwita mama wa watu usiyemjua.

"Ni vyako, mama."

"Najua ni vyangu. Mmengoja nitoke, mkaingia, mkabeba."

Nageuka. Hana hasira, ananitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfumania na unamwonea haya, na mimi nilidhani vitu vitamwita, kumbe vinanishitaki, kila nilichotundika ni ushahidi mwingine, ungo ushahidi, baba ushahidi, ukuta mzima unasema mwizi ni huyu, na machozi yananitoka, sina hata mkono mkavu wa kuyafuta, ni udongo mtupu.

"Usilie," anasema. "Shida ni shida. Ila mwanangu asijue. Veneranda wangu ana hasira yule, atakuja na mchi avunje kila kitu. Nitamwambia niliwapa."

"Anakuja lini, mama?"

"Leo. Hawezi kuniacha kwa watu."

Kata imening'inia, haijaanguka, mchi ninao mkononi, nje mtoto wa mtu analia na mke wa Hilari anatwanga kama dakika ile ile niliyoanza, ila sina tena cha kutundika wala cha kutumaini, najua sasa kwamba jioni Nikolaus atapigilia na nitamshikia mbao, na huyo Veneranda mwenye hasira natamani naye aje, atukute hapa wote, maana siku ya kuhama yeye hakuwepo, nilikuwepo mimi, wakati mgambo wanaezua paa mimi ndiye niliyemshika mama mkono, nikampandisha kwenye lori, nikamwambia twende gulioni Igalula, tutarudi jioni.