Mume wa Kliniki

Mtoto alipofungua mdomo, Wegesa aliuma pindo la kanga. Ndivyo alivyokuwa akinyonyesha tangu juzi, kanga mdomoni na machozi yakimtoka bila ruhusa. Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika, ya kushoto inatoa damu. Mtoto anavuta kidogo, anaachia, analia njaa.

"Leo ikishindikana nampa ya ng'ombe," alisema.

"Kwani umezaa ndama?" alijibu Matiko. "Kaa, tumsubiri nesi."

Walikuwa kwenye benchi la zahanati mjini Bunda, wametoka Mugeta alfajiri. Matiko, mwanamke wa mvi tupu, ndiye mume wa Wegesa. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa ng'ombe zizini kwake akamwoa msichana huyu kwa mila ya nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke, ili watoto waitwe wa boma lake. Kijana aliyemzalisha Wegesa yuko kisiwani Rukuba anavua samaki, na wala hakuna aliyemuulizia.

Nesi Eunice alitokeza mlangoni. "Wegesa! Baba mtoto yuko wapi?"

"Mimi hapa," alisema Matiko, akasimama na kurekebisha kilemba.

Benchi zima likacheka.

"Bibi, nina kazi mimi. Hudhurio la kwanza lazima mama aje na mume. Ndio utaratibu."

"Nimemtolea ng'ombe, mwanangu. Baba yako alimuoaga mama yako kwa nini, kwa utaratibu?"

"Leteni mwenye suruali, nitawahudumia."

"Suruali ninayo nyumbani. Naivaaga nikilima."

Eunice alificha mdomo kwa kiganja. Ni mtu wa Butiama, na bibi yake mwenyewe alikuwa ameoa. Lakini kwenye daftari la zahanati hapakuwa na mahali pa kumwandika bibi yake, kwa hiyo akarudi ndani.

Getini alikuwepo Burito wa bodaboda. Tangu asubuhi alikwisha kuingia kama mume wa wanawake kadhaa waliokuja peke yao. Alisogea taratibu, kofia mkononi kama mkwe.

"Mama mkubwa, niingie?"

"Uingie wapi? Ng'ombe wako yuko wapi wewe?" Matiko alimshika Wegesa mkono. "Twende zetu nyumbani."

Wegesa aliutoa mkono. "Mama, aingie. Anayechanika ni mimi."

Matiko aliketi.

Ndani, Eunice alinawa mikono, akatazama vidonda. "Unapaka nini?"

"Samli. Kwanza naosha kwa sabuni ya mche."

"Nani alikufundisha?"

Wegesa alitazama mlango, nje alikoketi Matiko. Burito, mume mwema, akajibu, "Mimi."

"Muache vyote. Sabuni inakausha ngozi. Akimaliza kunyonya, kamua maziwa yako kidogo, paka hapo, acha yakauke kwa hewa. Lakini kinachokuumiza ni kwamba anashika ncha tu. Mgeuze, tumbo lake kwa tumbo lako. Subiri apanue mdomo kabisa, ndipo umlete, achukue na ule weusi wa titi."

Mara ya kwanza Wegesa aliruka kwa maumivu.

"Usimvute! Ingiza kidole pembeni mwa mdomo, aachie. Haya, tena."

Mara ya pili alikaza meno akiyasubiri maumivu. Yalikuja, yakapungua. Mtoto akaanza kumeza, na kule kumeza kukasikika chumbani.

"Ukipata homa, au titi likawa gumu lenye joto, rudi upesi," alisema Eunice.

"Na mume?" Wegesa aliuliza.

Nesi alijifanya anatafuta kalamu.

Utaratibu ulitaka pia kila baba aliyemsindikiza mkewe apongezwe hadharani. Eunice akawatoa hadi barazani, macho yake yako kwenye dari.

"Akina mama, tumpigie makofi baba huyu."

Benchi lililomwona Burito akiingia na kutoka tangu asubuhi likapiga makofi. Matiko, aliyekesha akimbembeleza yule mtoto ili Wegesa apate usingizi, alisimama naye akapiga. Wenzake waliacha. Yeye aliendelea, anamtazama nesi usoni, pa, pa, pa, mpaka nesi akaingia ndani na kufunga mlango.