Kifua cha Gari Jekundu

Jumamosi asubuhi Mwalimu alikuwa amechuchumaa uani akisafisha kabureta ndani ya karai la kuoshea vyombo, na wifi yake, mwenye karai, amesimama kwenye mlango wa jikoni amenuna. Mwalimu hakuwa mwalimu wa shule. Alifundisha watu kuendesha magari, kazi iliyompa subira ya kukaa kando ya mtu anayeelekea ukutani bila kupiga kelele.

"Wifi, sahani zangu zinanuka petroli," alisema wifi.

"Ni leo tu."

"Juzi ilikuwa sufuria ya uji. Nayo ilikuwa siku hiyo tu."

Gari lililokuwa likihudumiwa kwa vyombo hivyo lilikuwa gari la mbio, la viti viwili na paa la turubai, zamani jekundu, sasa rangi ya tofali. Mwalimu na kaka yake walilikuta bandani kwa mtu, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, wakalinunua na kumalizia ujana wao chini yake. Lilikuwa na kila maradhi ya uzee. Ukiziba oili hapa, inavujia pale. Rejeta ilichemka kwenye kilima chochote kinachojiheshimu. Vipuri vyake havikuuzwa tena popote, kwa hiyo karibu kila kitu ndani yake kilikuwa cha gari jingine, kimepigwa msasa hadi kikakubali. Mlango wa abiria ulifunguka kutoka nje tu, na aliyekaa upande huo alitoka kwa hisani ya mwenzake. Lakini siku lilipoamka vizuri, likashika ile barabara ndefu inayopita kando ya ukuta wa kiwanda, na gia ya tatu ikaingia bila ugomvi, ndugu hao wawili walicheka peke yao kama watoto waliomwagiwa maji. Hakuna kitu kingine kilichowahi kuwalipa vile kwa jasho lao.

Sasa kaka alikuwa marehemu. Mwalimu alirudisha kabureta mahali pake, akakaza nati, akaingia garini akapiga stata. Gari liliwaka, likanguruma kidogo, kisha likakohoa. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu kutoka chini kabisa, halafu pumzi ndogo ya mluzi, kama mtu anayesema samahani.

Wifi hakugeuka. Kikohozi cha mumewe alikijua, alikuwa amelala kando yake miaka yote hiyo.

"Mpe maji," alisema.

Mwalimu alichukua kikombe, akafungua boneti, akamimina maji kwenye rejeta polepole. Gari likatulia.

Fundi wa mtaa aliitwa hata hivyo, kwa sababu gari ni gari. Alibadilisha plagi, akasafisha mrija wa mafuta, akalala chini ya injini hadi shati lake likaloa oili, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Injini haina neno, Mwalimu," alisema. "Hiki ni kifua. Angalia kwenye breki."

"Kifua na breki wapi na wapi?"

"Marehemu alikuwa akifanya kazi gani?"

Kaka alikuwa msagaji katika kiwanda cha breki, kile chenye ukuta mrefu. Kazi yake ilikuwa kusaga breki shuu, vile vibao vilivyopinda kama mwezi mwandamo ambavyo hulibana gurudumu kwa ndani, na kila alipomaliza kimoja alikipuliza vumbi kwa mdomo. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote. Kitambaa na maji vinachelewesha kazi, msimamizi aliwaambia, na pumzi ni ya bure. Kaka alirudi nyumbani kijivu toka nyusi hadi viatu. Breki za gari jekundu alizitoa huko huko, na jioni walizipiga msasa pamoja uani ili ziingie. Kila Mwalimu alipoinama apulize, kaka alimzuia. "Lete nipulize mimi. Changu kimeshazoea."

Wakati ule Mwalimu alidhani ni ubabe wa kaka mkubwa. Sasa alipoyakumbuka maneno hayo hasira ilimpanda hadi masikioni, kwa sababu maana yake kaka alijua, na kama msagaji alijua, basi walikuwepo waliojua kabla yake, wakiwa wameketi kwenye vyumba vyenye madirisha yanayofungwa vizuri.

Kiwanda kilisema marehemu aliuawa na sigara. Kaka hakuwahi kuvuta hata moja. Hata msibani, mvutaji akikaa karibu naye, alihama benchi. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, na kiwanda kilikuwa kikiitegemea sana methali hiyo.

Mwalimu aliweka jeki, akafungua gurudumu la mbele, akavua dramu ya breki. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu, laini kama poda ya mtoto. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji. Vumbi likaendelea kutoka. Alifuta tena, akakamua kitambaa, akafuta tena, mpaka ndoo ikajaa, na dramu yenyewe haikuwa kubwa kuliko bakuli. Wifi alimletea ndoo ya pili, akamwomba asiiguse ile ya maji ya kunywa.

Jumatatu aliziweka ndoo zote mbili kwenye kiti cha abiria, akazifunga mkanda, akaenda kiwandani wakati wa kubadilishana zamu. Gari lilikwenda kimya hadi langoni. Hapo likakohoa, vile vile, na likaendelea kukohoa. Wafanyakazi waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakitoka walisimama. Walikuwa wamekula chakula cha mchana miaka na miaka wakikisikia kikohozi hicho. Mmoja alivua kofia. Mwingine alipita karibu, akagusa boneti na kusema, "Pole, kaka," kisha akaharakisha, maana kengele ilikuwa inalia.

"Mwalimu, huyo hana ruhusa ya kuingia," mlinzi alisema. "Alishafutwa kwenye zamu."

"Haingii. Anakohoa tu."

Mlinzi aliona hilo lina mantiki, akaenda kumwita daktari.

Daktari wa kiwanda alikuwa yule yule aliyempima kaka. Alikuja na koti lake jeupe na mpira wake wa masikioni, akaweka kile kisahani baridi juu ya boneti, upande wa kulia kisha wa kushoto, akiwa ameinamisha kichwa kwa makini.

"Livute pumzi," alisema.

Mwalimu alikanyaga mafuta.

"Tena. Kwa nguvu." Daktari alisikiliza hadi kile kikohozi kirefu kilipokwisha. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekijua anachokisikia. Kisha alizunguka nyuma ya gari, akatazama bomba la moshi, na uso ukarudi mahali pake. "Linavuta," alisema.

"Nani?"

"Gari. Huo moshi huuoni? Uvutaji wa muda mrefu. Ni kama yule marehemu."

"Kaka yangu hakuvuta."

"Wote husema hivyo," daktari alisema, bila ubaya wowote, akakunja mpira wake akautia mfukoni.

Kuna watu hupewa elimu ili waone, wakaitumia kufumba macho kitaalamu. Mwalimu hakumwambia hivyo. Alibeba ndoo zake, moja kila mkono, akapita mbele ya mlinzi na kupanda ngazi hadi kwa meneja, akazitua juu ya zulia.

Meneja alichovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, akalitambua vumbi mara moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Hili ni letu," alisema. "Limetokaje nje ya kiwanda?"

"Limetoka ndani ya kaka yangu. Sasa umekiri mwenyewe kuwa ni lenu."

"Mwalimu, tusigombane," meneja alisema. "Likiwa kwenye ndoo ni letu. Likishaingia kifuani ni la mwenyewe."

Aliita vijana wawili wakalibeba vumbi kulirudisha ghalani, na Mwalimu akapewa ndoo zake tupu. Zilikuwa zimesuuzwa vizuri.

Alirudi tena kesho yake, na keshokutwa. Kila asubuhi alilihangaikia gari ili lifike: alilifunga mpira wa baiskeli kwenye bomba la rejeta, alilisukuma kushuka mteremko likawaka kwa gia, aliazima betri ya gari la kufundishia na kuirudisha kabla wanafunzi hawajafika. Wifi alisema gari hilo lina mahitaji kuliko mtoto mchanga, na ni kweli. Lakini kila zamu ilipobadilishwa lilikuwepo langoni, likikohoa, na watu wakaanza kulisalimia. Wengine walijibu kwa vikohozi vyao wenyewe, wakapita ndani.

Mwishowe kiwanda kilimtuma mtu nyumbani, si kwa Mwalimu, bali kwa wifi. Mjumbe alikaa sebuleni amebana magoti. Alisema kiwanda hakisahau watu wake. Mashine ya marehemu haijapata mtu, na marehemu ameacha kijana mkubwa, mwenye nguvu, asiye na kazi. Aje. Sharti ni moja tu, lile gari lisionekane tena langoni.

Mwalimu aliporudi alikuta wifi anapiga pasi ovaroli ya kijivu, ya mumewe.

"Wifi, unampeleka mtoto kule kule?"

"Nimpeleke wapi?" Wifi hakuinua macho. "Nionyeshe lango jingine lililo wazi, nimpeleke huko kesho."

"Wamemuua baba yake, na fidia yake ni kumchukua mwana. Hata mwizi huona aibu, akirudi hupitia mlango mwingine."

"Unadhani mimi sijui? Mimi ndiye niliyekuwa nikifua mashuka yake." Pasi ilipita kwenye kola, ikapita tena. "Hasira yako ni ya haki, wifi. Lakini haki hiyo mimi nimeibandika motoni tangu siku ya msiba na haijaiva. Sisi wengine tunataka kula leo."

Kilichomuuma Mwalimu kuliko yote ni kwamba waliokuwa wamekosea ndio waliokuwa na majibu tele.

Siku ya kwanza ya kazi aliomba ampeleke kijana yeye mwenyewe. Kijana alikuwa na shingo ndefu ya baba yake, na ovaroli ilimkaa kana kwamba alishonewa. Asubuhi hiyo gari liliwaka kwa stata ya kwanza. Halikuvuja, halikuchemka. Walipoifikia ile barabara ndefu, gia ya tatu iliingia kama kisu ndani ya siagi, injini ikaimba, na kijana akaanza kucheka, na shangazi yake akacheka naye kabla hajajizuia. Tangu walipolitoa bandani kwa kuku gari halikuwa limekwenda vizuri vile. Kisha wakafika langoni likazimika.

Kijana alishika kitasa, akakumbuka. Mlango wake ulifunguka kutoka nje tu.

Mwalimu alikaa mikono ikiwa kwenye usukani. Aliwafundisha watu wengi kukanyaga breki kwa wakati, na sasa hakukuwa na breki ya kukanyaga. Kijana alisubiri kwa adabu, ovaroli yake imenyooka.

"Shangazi," alisema mwishowe, "kengele inalia."

Mwalimu akashuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia.

"Usipulize, baba," alimwambia. "Wakikwambia upulize, tumia kitambaa chenye maji."

"Sitapuliza, shangazi."

Na hakupuliza, siku ile ya kwanza. Siku ya pili msimamizi alimweleza kwamba kitambaa na maji vinachelewesha kazi, na kwamba pumzi ni ya bure.

Mwalimu hakulipeleka tena gari langoni. Ahadi ilikuwa ya wifi, si yake, lakini kijana ndiye angeilipia. Wafanyakazi waliuliza habari za gari kwa siku chache, kisha wakaacha. Alilihudumia uani kama zamani, akaziba oili hapa ikavujia pale, na Jumamosi alilizungusha mtaani ili lisigande. Liliendelea kukohoa, na majirani waliitikia "Pole" wakiwa madirishani, bila kuacha walichokuwa wakifanya.

Jioni moja walikuwa mezani watatu. Kijana alikuwa ametoka kuoga, lakini kwenye nyusi bado palikuwa na kijivu. Aliweka kijiko chini, akageuka pembeni, akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu kutoka chini kabisa.

"Samahani," alisema.

Uani, injini ikiwa baridi na ufunguo ukining'inia kwenye msumari wake kando ya mlango, gari lilimjibu.

Wifi aliinuka, akachukua vikombe viwili, akavijaza maji. Kimoja alimpa mwanawe. Cha pili alimpa Mwalimu, na Mwalimu akatoka nacho nje kwenda kufungua boneti.